Ukinunua kompyuta, dai na dawa yake

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nao walinena hayo kabla ya kuiona kompyuta. Lau wangaliiona, naamini wangaliongeza kwamba hata daftari lenyewe laweza kupotea huku mwenyewe amelishika mkononi, likiwa limefungiwa ndani ya chombo kisichotaka kuamka.

Hoja yangu leo ni moja tu. Nasema kwamba kompyuta inayouzwa bila kitu cha kuirudishia uhai pindi ianguka­po ni nusu ya mali. Mwenye kuiuza hivyo akanyamaza ameficha aibu ya bidhaa yake. Mwenye kuinunua bila ya kuuliza amejiwekea msiba wa kesho. Na fundi anayekimbilia kuifuta kabla ya kuuliza kilichomo ndani huenda akaangamiza haki za watu asiowajua.

Huenda ndugu msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akaniuliza: wewe unaandika kutoka Nakuru, sisi yanatuhusu nini? Yanakuhusuni sana. Reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na tangu hapo bidhaa na watu wa pwani hawajaacha kupanda huku. Watoto wenu wapo Njoro, katika Chuo Kikuu cha Egerton, na wengi wao wamekuja na laptopu walizonunuliwa na wazee wao kwa kujinyima. Na kompyuta kuukuu nyingi zinazouzwa katika maduka ya Nakuru, Naivasha na Gilgil zimeletwa kwa meli na kushushwa Kilindini. Kwa hivyo zimepita mlangoni kwenu kabla ya kufika kwetu.

Deni la maiti

Nitaeleza kisa kimoja nilichokishuhudia, ili isidhaniwe kuwa napigia kelele jambo dogo.

Mwaka 2023 alifariki hapa Nakuru rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani. Kazi yake ilikuwa kununua viazi kwa wakulima wa upande wa Molo na kuvipeleka Mombasa, na bila shaka wengi wenu mmevila katika viazi vya karai bila ya kujua vimetoka wapi. Marehemu alikuwa mtu wa hesabu. Nani anamdai na yeye anamdai nani, yote aliyaandika katika laptopu yake, ambayo aliinunua ikiwa imeshatumika. Karatasi alikuwa hazipendi.

Siku chache baada ya maziko laptopu ile ilikataa kuwaka. Taa yake ilimulika, feni ikavuma, kisha yakatokea maneno machache meupe juu ya kioo cheusi, basi. Mjane alikuwa katika eda, hawezi kutoka kwenda kuhangaika na mafundi. Akaniita, akanambia kutoka nyuma ya pazia: "Shemeji, chukua hiki chombo uende na huyu kijana. Mirathi haiwezi kugawanywa kabla ya madeni kulipwa, na madeni yamo humu. Sitaki mume wangu alale na haki ya mtu."

Tukaenda na mpwa wake hadi kwa fundi mmoja katikati ya mji. Kijana mpole, mwenye adabu zake. Akaitazama mashine, akaipindua, akauliza: "Mzee, zile sidii zilizokuja nayo ziko wapi?" Tukamwambia hatujapata kuziona. Akasema: "Basi dawa ni kuifomati tu. Niwawekee Windows nyingine, nusu saa mmemaliza." Nikamuuliza, na vilivyomo ndani? Akajibu bila ya kusita: "Hivyo vitaenda, mzee."

Nilimshukuru, tukaichukua mashine yetu, tukatafuta fundi wa pili. Huyu hakuuliza sidii. Aliuliza swali jingine kabisa: "Ndani yake mna nini mnachokihitaji?" Alipoambiwa, alichomeka flashi yake, akaiwasha mashine kwa ile flashi badala ya diski, na baada ya dakika chache tukaona majalada ya marehemu yamejipanga kama alivyoyaacha. Akayanakili yote mahali pengine kabla ya kugusa chochote.

Ndani ya hesabu zile tulikuta jina la mkulima mmoja aliyeleta magunia ya viazi na alikuwa hajalipwa. Alikuwa amehudhuria mazishi, akatoa pole, akarudi kwake kimya, kwani aliona haya kumdai mjane. Alilipwa haki yake yote. Sasa nakuuliza, ndugu msomaji: lau tungalikubali ile nusu saa ya fundi wa kwanza, haki ya mtu yule ingalikwenda wapi?

Nahodha hakuamka

Ni vizuri tufahamu kilichotokea ndani ya chombo kile, kwani ujinga wa jambo hili ndio unaotugharimu.

Kompyuta ikiwashwa, kwanza huamka chipu ndogo iliyomo katika ubao wake mkuu. Chipu hiyo hukagua viungo, kisha huitafuta katika diski sehemu iliyoandikwa namna ya kuuamsha mfumo unaoendesha mashine nzima, mathalan Windows. Sehemu hiyo ikiharibika, mashine husimama hapo hapo. Ni kama jahazi ambalo nahodha wake hakuamka. Mizigo iliyomo ngamani haijaoza, ila chombo hakiendi.

Sababu za maradhi haya ni nyingi, na Nakuru tunazo za kutosha. Umeme ukikatika ghafla wakati mashine inaandika jambo katika diski, huacha maandishi nusu. Vumbi nalo huziba feni, joto likapanda, viungo vikachoka. Wako wanaosema kuwa hata jina la Nakuru asili yake ni neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na anayeishi hapa miezi ya kiangazi hatabisha.

Dawa ya asili ya maradhi hayo ilikuwa ni zile sidii alizozitaja fundi wa kwanza. Lakini hapa pana jambo ambalo wenye mashine wengi hawalijui. Sidii za kiwandani huirudisha kompyuta katika hali iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani, na kwa kawaida hufuta kila ulichokiweka tangu siku hiyo. Zinamponya mgonjwa kwa kumrudisha utotoni. Kwa hiyo hata lau marehemu angalikuwa nazo, kuzitia kwa pupa kungalimwangamizia daftari lake. Utaratibu ulio sawa ni kuokoa kwanza kazi ya mtu, ndipo ukaitibu mashine. Fundi asiyefuata utaratibu huo, hata akiwa hodari namna gani, hajaijua kazi yake.

Sidii zilikwenda wapi?

Zamani mtu akinunua kompyuta mpya alizikuta sidii zake ndani ya sanduku. Baadaye watengenezaji, kwa kutaka kupunguza gharama, wakaacha kuzitoa. Badala yake waliificha dawa katika sehemu ya siri ya diski yenyewe, wakamwachia mnunuzi ajitengenezee sidii zake. Kila kampuni ikawa na kitufe chake cha kuiita dawa hiyo wakati wa kuwasha: HP ni F11, Asus ni F9, Acer ni Alt pamoja na F10, na katika Toshiba nyingi ulishikilia sifuri. HP kwa miaka mingi iliruhusu seti moja tu ya sidii kwa kila mashine. Ukizipoteza, shauri yako.

Ni mpango wa ajabu kidogo. Ni sawa na daktari kukupa dawa ya moyo kisha akaishonea ndani ya moyo wenyewe. Diski ikifa, dawa nayo imekufa.

Mambo yakawa mazito zaidi kwa kompyuta zilizotumika. Afisi za Ulaya na Marekani zinapouza mashine zao kuukuu hufuta diski nzima, ili siri zao zisitoke. Hapo siwalaumu, ni haki yao. Lakini katika kufuta huko ile sehemu ya siri nayo huondoka. Mashine hupita mikono mingi, nyingine zikipitia Dubai, na njiani mtu huitia Windows ya kunakili ili mnunuzi aione inawaka. Inapofika dukani inang'aa kama bibi harusi, na anayeinunua hajui kuwa haina asili wala dawa.

Laptopu za wakati wa Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, zilikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa chini yake, yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Karatasi ile ndiyo hati ya kwamba Windows ya mashine hiyo imeshalipiwa. Wengi wetu tumeiacha ikafutika kwa jasho la mapaja na kusuguana na meza. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zimewekewa ufunguo huo ndani ya chipu, hauonekani kwa macho.

Halali na haramu yake

Hapa ndipo panapotugusa sisi Waislamu. Mafundi wengi huweka Windows ya kunakili bila ya kufikiri, na wenye mashine hulipa bila ya kuuliza. Mimi si mufti, na masuala ya hukumu nawaachia masheikh. Lakini jambo hili si geni kwa wanazuoni. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, likaamua kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki zenye thamani ya mali, zinahifadhiwa na sharia, na haifai kuzivamia. Kwa hiyo ile hoja ya barazani, ya kuwa mwenye Windows ni tajiri wa Marekani na hatahisi pengo, haina miguu. Utajiri wa mwenye mali haujapata kuihalalisha mali yake kwa mwingine.

Hata hivyo, haki ina pande mbili, na upande wa pili hausemwi sana. Mashine inapotoka kiwandani na Windows ndani yake, bei ya Windows hiyo imo katika bei ya mashine. Imeshalipiwa. Mwenye mashine anapotafuta njia ya kuirudisha kwa ufunguo wake halali, hatafuti cha mtu. Anatafuta chake. Na yule aliyemuuzia chombo akijua kuwa dawa yake haipo, kisha akakaa kimya, naye anapaswa kuulizwa. Dini yetu imelaani kufunika aibu ya bidhaa. Sote tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimfikie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akaikuta ya chini imelowa. Na mafakihi wamemwekea mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu akikikuta na aibu aliyofichwa.

Sheria ya nchi nayo iko upande huo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa maelezo yatakayomwezesha kunufaika nazo kikamilifu. Kwa maoni yangu, namna ya kuiamsha kompyuta iliyolala ni katika maelezo hayo. Mtu hawezi kudai kuwa amekuuzia nyumba huku ufunguo wa mlango ameutupa baharini.

Wala haramu si njia pekee iliyobaki kwa asiye na uwezo. Ile flashi ya fundi wa pili ilikuwa na mfumo uitwao Ubuntu, ambao ni halali kunakiliwa na kugawanywa bure. Uliasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ukatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu la utu. Mwaka huo huo wa 2004, mwezi wa Desemba, wataalamu wa mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Basi tusiseme kwamba hatukuwa na njia.

Sasa ni ufunguo

Kijana atanicheka: "Mzee, nani anatumia sidii siku hizi?" Ni kweli, laptopu nyingi mpya hazina hata pa kuitia. Microsoft yenyewe imeweka wazi mafaili ya kusakinishia Windows 10 na 11, na kila mtu anaweza kujitengenezea flashi yenye ukubwa wa GB 8 kwa mashine yenye leseni. Lakini tatizo halijaondoka. Limebadili nguo tu.

Laptopu nyingi mpya hufunga diski yake kwa maandishi ya fumbo, ili mwizi akiiiba asisome kitu. Ulinzi mzuri. Lakini Windows ikilazimika kuthibitisha kuwa wewe ndiye mwenyewe, itakutaka ufunguo wa tarakimu 48. Ukiukosa, hata yule fundi wa pili na flashi yake hawezi kukusaidia. Ataiona diski, asiweze kusoma hata neno moja.

Dunia nzima ilionjeshwa jambo hili tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilituma faili lenye kasoro, na kwa makisio ya Microsoft mashine milioni 8.5 zilishindwa kuwaka. Ndege zilikwama na hospitali zikavurugikiwa. Mashine nyingi zilibidi zitibiwe moja moja kwa mkono, na pale diski ilipofungwa, aliyeuandika ufunguo wake alipona mapema kuliko aliyekuwa hajui alikouweka. Ikiwa mashirika makubwa yenye mafundi wao yalihangaika, seuze mimi na wewe?

Nini kifanywe

Wauzaji wa kompyuta, nanyi wa Mombasa mtangulie kwa kuwa mzigo huanzia kwenu, mwambieni mnunuzi wazi: Windows hii ni ya asili au ya kunakili, dawa yake ipo au haipo. Mpeni flashi ya kuirejeshea pamoja na risiti. Hiyo ni gharama ndogo, nayo italeta wateja.

Mnunuzi nawe, usitazame ukubwa wa kioo na weupe wa kibodi peke yake. Uliza. Siku ya kwanza tengeneza dawa yake, ukauandike ufunguo katika karatasi na uiweke pamoja na hati za nyumba. Kisha kila juma nakili kazi yako mahali pengine, kwani flashi ya kurejeshea huokoa mashine, haiokoi maandishi yako. Akiba haiozi.

Mafundi wa Nakuru na kwingineko, nawaheshimu kwa kuwa bila nyinyi laptopu zetu zingelala katika jaa la Gioto. Lakini kabla ya kufomati ulizeni yaliyomo, na yaokoeni kwanza. Mashine ya mtu mikononi mwenu ni amana, na siri zilizomo ni amana ndani ya amana.

Na la mwisho ni letu sote. Tumehimizwa kuandika wasia mapema, nasi siku hizi madeni yetu, picha za wazee wetu na hesabu za mayatima tumezitia ndani ya vyombo hivi. Basi katika wasia wako andika pia ufunguo uko wapi na nani aufungue. Mjane yule alisaidiwa kwa sababu mashine ya mumewe ilikuwa ya zamani, haikufungwa. Mjane wa kesho, mwenye mashine mpya iliyofungwa na ufunguo usiojulikana ulipo, hataokolewa na fundi yeyote wa Nakuru wala wa Marekani.